Mwongozo wa Kusafiri Ukiwa Mtu wa Garissa

Anza safari siku moja kabla ya basi kuondoka. Toa karatasi zako zote kabatini, uzitandaze mkekani, uzikague moja moja: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya baba na mama, na barua ya chifu kama bado unayo. Msafiri wa kutoka Nyeri kwenda Nairobi hubeba nauli na simu. Wewe beba ukoo. Ukitaka kucheka cheka, lakini beba, maana nataka ufike.

Hapo darajani Mto Tana, kabla hata hamjazoea viti, huenda mkaambiwa mshuke. Shuka. Kitambulisho kiwe mkononi, kisiwe mfukoni, kwa sababu mkono unaoingia mfukoni ghafla humtia afande wasiwasi na wasiwasi wake ni mzigo wako. Msalimie kwa Kiswahili. Jibu unaloulizwa, uishie hapo. Akiuliza unakwenda wapi, taja mahali. Akiuliza unakwenda kufanya nini, mjibu kwa upole, ingawa Kifungu cha 39 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kutembea na hakimdai sababu. Kikariri kifungu hicho. Kariri na cha 49: ukikamatwa, uelezwe sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi ikiwa mahakama imefungwa. Usivitaje kwa sauti ya kugombana. Vitaje kama mtu anayekumbushana na mwenzake jambo wanalolijua wote wawili.

Na usitoe kitu kidogo. Najua ni rahisi kusema ukiwa umekaa nyumbani, ni vigumu ukiwa mwanafunzi mwenye mtihani kesho asubuhi na dereva ameshaanza kupiga honi. Lakini anayetoa leo huwa amempangia bei atakayepita kesho, na atakayepita kesho ni mdogo wake.

Inafaa pia ujue vizuizi hivi vilianza lini, usije ukadhani vimeletwa na Al-Shabaab. Amri za kufungia watu zilifika huku mapema sana kuliko lami. Sheria ya kikoloni ya 1902 iliwezesha wilaya za pembezoni kufungwa, mgeni asiingie bila kibali. Ile ya 1934 ya wilaya maalumu ikawapa watawala mamlaka ya kuamua watu wakae wapi na mifugo yao ipite wapi. Uhuru ukaja tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi huo haujaisha Mkoa wa Kaskazini Mashariki ukawekwa chini ya hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Shifta. Vita vile vilimalizika mwaka 1967. Hali ya hatari ilidumu hadi 1991. Mtoto aliyezaliwa Garissa mwezi wa uhuru alikuwa mtu mzima wa karibu miaka 28 siku alipoanza kuishi chini ya sheria ile ile aliyoishi nayo mwenzake wa Nakuru. Katikati ya miaka hiyo kuna mauaji ya Garissa ya Novemba 1980, na kuna ya Wagalla ya Februari 1984, wanaume walipokusanywa kwenye uwanja wa ndege karibu na Wajir na wengi hawakurudi. Ukiona mzee ndani ya basi anatetemeka akiambiwa apange foleni juani, usimhimize. Mshike mkono.

Sasa nije kwenye kitambulisho chenyewe, maana ndiko safari nyingi zinakokwama kabla ya kuanza.

Mwaka 1989 serikali iliwataka Wasomali wa Kenya wajitokeze wapigwe msasa, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya pinki ya kuonyesha pamoja na kitambulisho. Kadi ile iliondoka, msasa ukabaki. Kijana wa Kirinyaga akifikisha miaka 18 alipeleka fomu, akachukuliwa alama za vidole, akasubiri. Kijana wa Garissa alipangiwa siku ya kamati. Mbele yake wazee, chifu na maafisa wa usalama: baba yako nani, babu yako nani, ukoo gani, ulisoma shule gani, nani hapa anakujua? Asiye na mzee wa kumtolea ushahidi alirudi nyumbani akangoje kikao kingine. Wakati huo nafasi za chuo zinapita, laini ya simu ameandikishiwa jina la shangazi, na M-Pesa anatumia ya rafiki.

Februari 2025 Rais Ruto, akiwa ziarani huku, alitangaza kwamba msasa huo umekomeshwa. Nilifurahi, na bado nafurahi. Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana ni huu: nenda mapema, nenda na karatasi kamili, na ukiulizwa maswali ambayo mwenzako wa Kirinyaga haulizwi, omba kwa adabu uandikiwe sababu. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi unapokuumiza. Tangazo la mkutanoni halina faida mpaka karani wa dirishani alitii.

Kuna kundi moja ambalo mwongozo huu unaliwia vigumu. Wakati wa ukame, kambi za Dadaab zilikuwa na chakula na vijiji vilivyozizunguka havikuwa nacho. Mama Mkenya aliyeona mtoto anadhoofika alimwandikisha kambini kama mkimbizi, akapata kadi ya mgao, mtoto akaishi. Miaka ikapita. Mtoto huyo alipokwenda kuomba kitambulisho, alama za vidole vyake zilikuwa zimemtangulia: kompyuta ikamkataa, mkimbizi wewe. Siwezi kumwambia arudi nyuma akatae unga ule. Ninachomwambia ni atafute msaada wa kisheria, awe na mashahidi wa kijiji na cheti cha kuzaliwa kama kipo, na asikubali kuitwa mwongo. Aliyemwandikisha alikuwa mama yake, na alifanya alichopaswa kufanya mama.

Mbali na kitambulisho kuna kafyu, nayo haihitaji maelezo marefu. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015 lililoua watu 148, kafyu iliwekwa Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Maghrib huku huingia karibu na saa hiyo hiyo. Ikirudi tena, pika mapema, Isha swali nyumbani, na mjamzito aliyekaribia kujifungua mhamishie kwa jamaa walio jirani na hospitali. Mji ulihitaji ulinzi, sibishi. Wale wanafunzi walikuwa watoto wa Kenya nzima, nasi tuliwalilia. Lakini uchungu wa kujifungua hausubiri asubuhi.

Kizuizi kingine ni karantini, hiyo ni ya mifugo, na mfugaji mwenye akili huiheshimu. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka mwishoni mwa 2006 iliua watu na wanyama, na kuzuia uchinjaji na usafirishaji kuliokoa maisha hata kama soko la mifugo la Garissa lilinyamaza. Kizuizi chenye sababu inayoelezwa na mwisho unaojulikana hatukikatai.

Mwisho nakuomba wewe msafiri mwenzetu wa Mwingi, wa Meru, wa Kisumu, ambaye hubaki umeketi wakati abiria wengine wanashushwa. Shuka nasi. Toa kitambulisho chako pia. Afande akikuambia rudi ukae, muulize kwa adabu kwa nini wewe urudi na jirani yako wa kiti abaki juani. Kifungu cha 27 kinaikataza serikali kumbagua mtu kwa kabila lake, na hakikuandikwa kwa ajili ya Wasomali peke yao.