Vijiti au Usukani? Mwongozo kwa Anayetaka Kushindwa kwa Heshima

Umenunua gari la rimoti la mashindano, lile la moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi, na sasa unatafuta klabu. Hongera. Tuchukue Uingereza, ambako majira ya baridi mchezo huu huingia kwenye kumbi za michezo, juu ya zulia ambalo wanachama wenyewe wamelitandika asubuhi hiyohiyo. Hapo mlangoni wataanza kukuuliza: vijiti au usukani? Jina lako watakuuliza baadaye. Usijibu haraka, maana wanaokuuliza wana jibu lao tayari.

Kwanza, zijue rimoti zenyewe. Ya vijiti ina viwili: cha kushoto unakisukuma mbele kuongeza moto na kukivuta nyuma kufunga breki, cha kulia ndicho kinachokata kona. Ya usukani imeumbwa kama bastola. Mkono wa kushoto unashika mpini, kidole cha shahada kinavuta kifyatulio kuongeza moto na kukisukuma kufunga breki, huku mkono wa kulia ukizungusha kigurudumu kidogo cha sponji. Kama wewe ni wa mkono wa kushoto, tafuta modeli inayokuruhusu kuhamishia kigurudumu upande wa pili. Zipo. Bei yake itakufundisha kutumia wa kulia.

Pili, iache leseni yako ya udereva nyumbani. Wengi huchagua usukani kwa sababu wamezoea kuendesha gari. Kigurudumu hiki hakifikishi hata robo ya mzunguko kila upande, ni chepesi, na hakikuambii lolote kuhusu tairi. Nawe uliyekulia kwenye PlayStation ukadhani vijiti ni vyako kwa urithi, tulia pia. Kule ukigonga ukuta gari hurudi barabarani lenyewe. Hapa litaokotwa na mtu, na mtu huyo ana kumbukumbu nzuri.

Tatu, tazama nani anashika nini. Waingereza wenye mvi wengi ni watu wa vijiti, kwa kuwa miaka ya 1980, enzi za magari ya Tamiya kama Grasshopper na Hornet, rimoti ya bei nafuu ilikuwa ya vijiti, na kidole gumba kikishazoea hakihami. Marekani na Japani usukani ndio umetawala. Ukiuliza ipi bora, utatajiwa bingwa, kwani kila kambi ina wa kwake. Usithubutu kusema kwamba bingwa huyo angewashinda wote hapo hata kwa rimoti ya kambi nyingine. Ni kweli, na ndiyo sababu hakuna anayetaka kuisikia.

Ukiangukia kwenye vijiti, kuna mtihani wa pili ambao hukuambiwa: gumba juu ya kijiti, au kukibana kwa gumba na shahada? Wabanaji huvaa mkanda shingoni kubeba uzito. Wa gumba huwatazama kana kwamba wamekuja kurusha ndege. Chagua haraka, kisha dharau upande uliouacha. Hilo linatarajiwa kwako.

Nne, dukani. Rafu ya usukani ni ndefu, ya vijiti fupi. Muuzaji atakuapia kwamba rimoti hii ya Sanwa au ile ya Futaba hupeleka amri kwenye gari kwa milisekunde chache tu. Hasemi uongo. Jicho na kidole chako, kwa pamoja, vinahitaji kama milisekunde 200. Usimkumbushe, anajua.

Tano, zishike kanuni ambazo hakuna atakayekusomea. Washa rimoti kwanza, gari baadaye. Ukimaliza, zima gari kwanza. Ukigeuza mpangilio huo gari linaweza kuondoka bila wewe, na kwa kawaida huelekea kwenye meza ya mtu anayelehemu nyaya. Usiguse rimoti ya mwenzako, hata kwa kuisogeza tu uweke kikombe. Mbio zako zikiisha, nenda kasimame uwanjani uokote magari ya kundi linalofuata. Ukitoroka, klabu nyingi hukufutia matokeo yako bora. Kama unayo.

Sasa panda jukwaani, wanakosimama madereva. Mbio ni dakika tano. Mwanzoni gari linakwenda mbali nawe, na kushoto ni kushoto. Kisha linakata kona, linaanza kukujia, na kushoto kwake kumekuwa kulia kwako. Hapo ndipo kambi zote mbili huungana: hakuna kijiti wala usukani uliowahi kutibu jambo hili. Wakongwe hushauri ujifikirie umeketi ndani ya gari. Ushauri mzuri, ila ukiwa ndani utauona na ukuta unavyokuja. Usijipinde mwili mzima kulifuata gari, maana jirani yako naye ana mbavu.

Andaa visingizio mapema. Zamani, enzi za redio za 27 MHz, kila dereva alikuwa na kristali ya masafa yake, na wawili wenye masafa yaleyale wakiwasha pamoja, gari lilitii mabwana wawili na kufa ukutani. Kisingizio safi kabisa, tena mara nyingine cha kweli. Tangu 2.4 GHz ilipoenea miaka ya 2000, kila rimoti hufungwa kwa risiva yake iliyo ndani ya gari, na “redio yangu imeingiliwa” haiuziki tena. Umebakiwa na tairi, zulia, betri na yule aliyekuwa mbele yako. Tumia kimoja kila raundi; siku ni ndefu.

Mwisho, ukishashika mkia mara za kutosha, mtu wa kambi ya pili atakujia na chai na kukunong’oneza kwamba tatizo si wewe, ni rimoti. Utamwamini. Tangaza yako kwa nusu ya bei uliyonunulia. Mnunuzi atapatikana siku hiyohiyo: mgeni mwenzako, aliyenong’onezwa hayohayo na kambi unayoihama. Hesabu hela kwanza, ndipo umpe ushauri.