Paka Hakukomoi: Mambo Saba ya Beseni la Mchanga

Tipa likimwaga mchanga wa kujengea uchochoroni jioni, paka wa mtaa mzima wana habari kabla ya isha. Asubuhi fundi anatia sepetu, anakutana na zawadi, anatukana. Namhurumia fundi, lakini nawaelewa paka: mchanga mkavu, laini, wa kumwaga! Nani angepita asichimbe?

Paka wangu wawili hawana uchochoro. Tunaishi ghorofani, Michenzani, na choo chao ni beseni. Sheha ni dume la kijivu lisilopitwa na jambo. Kungumanga ni jike, rangi yake ndiyo jina lake. Kila mgeni akiona kituko cha beseni husema neno moja: "Huyo anakukomoa." Hakukomoi. Anakwambia kitu, na beseni ndilo barua yake. Basi tuhesabu kwa kurudi nyuma, tuanze na la kuchekesha, tuishie kwenye lile lililoninyima usingizi.

7. Mbio za baada ya haja

Anamaliza, anafukia, kisha huyoo! Sebuleni, ukumbini, juu ya kabati, chini ya kitanda. Utadhani kashinda ubunge. Mwache, mzigo umetua. Ila akikimbia huku analia, na choo chake kikawa kigumu kama kokwa za tende, hiyo si shangwe. Mwongeze maji na chakula chenye mchuzi, na hali ikiendelea, mwone daktari wa mifugo.

6. Kuchakura kila kitu isipokuwa mchanga

Ukuta, sakafu, ukingo wa beseni, hewa yenyewe. Kungumanga alikwangua hivyo mwezi mzima, kama mtu anayetafuta ukoko kwenye sufuria tupu. Paka alikuwa amekua, beseni halikukua naye! Kipimo kizuri ni beseni lenye urefu wa paka mara moja na nusu, kuanzia puani hadi shina la mkia, ili aweze kugeuka. Nikanunua beseni pana la kufulia mablanketi, nikalikata upande mmoja liwe na mlango wa chini. Kwa paka mzee ambaye viungo vinamuuma, mlango huo ni rehema.

Na mchanga? Bibi zetu walijua paka anavyoyapenda majivu ya mekoni. Kumbe hata Michigan, Marekani, walikuwa hivyo hivyo. Januari 1947 mchanga wa mama mmoja uliganda kwa baridi, akamwekea paka wake majivu, nyumba ikajaa nyayo. Akamwendea jirani yake Ed Lowe kuomba mchanga. Lowe akampa punje za udongo mkavu unaofyonza maji, na biashara nzima ya mchanga wa paka wa madukani ikazaliwa hapo. Nyayo za paka zimemtajirisha mtu! Kwetu ule wa dukani ni ghali. Mchanga laini uliochekechwa na kuanikwa juani unafaa, kina cha vidole vitatu. Wenye manukato usinunue. Wewe unanusa waridi, yeye ananusa duka zima la uturi.

5. Kuingia ukimaliza tu kusafisha

Hapa ndipo Sheha alipopatia jina. Sijaweka koleo chini, keshafika kukagua mradi na kukata utepe. Ipokee kama sifa, maana paka anapenda choo safi kuliko wengi wetu. Zoa kila siku, ikiwezekana mara mbili.

Usafi huo una faida nyingine ambayo kila nyumba yenye mjamzito iijue. Vijidudu vya toksoplasma vikitoka kwenye kinyesi cha paka aliyeambukizwa, huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Choo kinachozolewa kila siku huwahi kabla yao. Hata hivyo mama asizoe. Akikosa kabisa msaidizi, avae glovu kisha anawe kwa sabuni. Baba, koleo hilo hapo, halichagui jinsia.

4. Kuacha wazi, bila hata kutupia punje

Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Mashariki ya Kati, na kufukia ni desturi ya ukoo. Lakini hata paka wa mashambani hufukia karibu na makazi na kuacha wazi mbali nayo, kwa hiyo usikasirike mara moja. Kama alikuwa anafukia halafu ameacha, uchunguze mchanga: umebadilishwa, umechafuka, au unamchoma nyayo zenye kidonda.

3. Kulala ndani ya beseni

Mafundi wa rangi walipoingia kwetu, Kungumanga alihamia beseni la pili siku mbili. Nyumba ilinuka rangi. Mle ndani mlinuka yeye mwenyewe. Mtafutie katoni na kanga kuukuu, pembeni pasipopita watu. Jike mwenye mimba naye huenda anachagua wodi yake ya uzazi, na paka anayejilaza humo bila sababu huenda anaumwa, hataki kuwa mbali na choo.

2. Kukojolea mswala

Hili ndilo linalowafukuzisha paka. Mkojo ni najisi, na aliyekojolea mswala hapati wakili. Basi mimi hapa, nasimama upande wake! Paka mwenyewe si najisi. Hadithi inamtaja miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani.

Swali la kwanza: alichuchumaa au alisimama? Aliyesimama, mkia juu unatetemeka, mkojo ukaruka ukutani, anaweka alama ya mipaka yake. Mhasi. Wapo wanaoendelea hata baada ya kuhasiwa, kiasi cha dume 1 kati ya 10 na jike 1 kati ya 20. Hao waangalie dirishani, pengine kuna jirani mwenye masharubu anayewachokoza kila jioni.

Aliyechuchumaa akaacha dimbwi kwenye kitu laini anasema choo chake kina kasoro, au anaumia akikojoa. Wetu alikuwa Kungumanga. Nilikaa ukumbini jioni mbili nikitazama, nikaona kumbe Sheha anajilaza mlangoni mwa chumba chenye mabeseni. Hapigi, hafoki. Analala tu, kama kizuizi cha barabarani, na bibi wa watu anageuka. Kanuni ni idadi ya paka, ongeza moja. Paka wawili, mabeseni matatu, na yasipangwe pamoja, maana mlango mmoja una mlinzi mmoja. La tatu tukaliweka chumbani. Mswala haujaguswa tena.

Kwenye kufua, dawa ya klorini kaa nayo mbali: ikikutana na amonia ya mkojo hutoa hewa yenye sumu. Tumia dawa yenye vimeng'enya, au siki na maji mengi. Na usimpige wala kumsugua pua kwenye mkojo. Atakachojifunza ni kukojoa ukiwa haupo.

1. Anaingia, anachuchumaa, anatoka, mchanga mkavu

Hapa utani nauweka pembeni. Usiku mmoja Sheha aliingia kwenye beseni mara sita ndani ya saa moja. Alijikamua, akalia sauti nzito nisiyoijua, akajilamba chini, akatapika. Mtu angesema hajapata choo. Nilipopitisha kiganja cha mkono kwenye mchanga, sikuona hata tone.

Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba, na ikizibwa na vijiwe au ute, sumu hupanda mwilini. Ndani ya siku moja au mbili anaweza kufa. Usimminye tumbo, usimpe dawa ya kienyeji, usisubiri kukuche. Tulimwamsha daktari wa mifugo saa sita usiku. Akapitisha mpira mwembamba, mkojo ukatoka umechanganyika na damu. Sheha alirudi nyumbani siku ya tatu, amekonda, akaenda moja kwa moja kukagua mabeseni.

Sasa anakula chakula chenye majimaji na ana bakuli za maji kila chumba. Usiku nikisikia kwaru-kwaru ukumbini, nanyamaza nisikilize: anachimba, kimya, anafukia. Asubuhi, kabla sijabandika chai, natazama mchanga umelowa kiasi gani.