Jiko la Bei Mbaya, Mkaa wa Bei Chee

Wako waungwana kule Marekani wanaonunua jiko la kauri, lile lenye umbo la yai, kwa zaidi ya dola 1,000 bila hata kuomba punguzo. Kisha wanaganda dukani wakipapasa mifuko ya mkaa, roho zikiwauma kwa tofauti ya dola tatu. Jiko lenyewe wala si lafi: kuta zake nene hushika joto, na mkaa kidogo huoka nyama mchana kutwa. Cha kuogopa ni chenga za mkaa. Zikijaa chini, hewa haipiti na moto unazubaa. Mama muuza mkaa wa Manzese angewaambia hayo bure huku akiwapimia kopo. Ila gunia lake halina picha ya ng'ombe kama mifuko ya dukani, sasa nani atamwamini?