Barua ya Wazi kwa Mkame Ndume, Mtawala wa Pujini

Mtukufu Mkame Ndume,
Ngomeni kwako, Pujini, Pemba.

Sina hakika kama barua hufika huko uliko. Huku kwetu siku hizi zinafika zote, hata ambazo hatukuziandika, na hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Watembeza wageni hawaachi kueleza maana ya jina lako: mwenye kukama madume. Wazee nao wanasimulia kuwa mawe ya ukuta wako watu waliyabeba wakijikokota kwa makalio. Karne tano zimepita, ukuta umeliwa na majani, na bado mtu akitaka kuonyeshwa dhulma analetwa kwako. Mie naona umeonewa.

Msimu wa karafuu nilipungukiwa laki moja ya kulipa wachumaji. Nikaambiwa ipo programu inakopesha, huendi benki wala huweki shamba rehani. Nikaipakua. Simu ikanijibu hifadhi imejaa, basi nikafuta video ya mjukuu wangu anapiga hatua zake za kwanza. (Picha za "Ijumaa Karim" zenye waridi linalometameta, ambazo kundi la ukoo hunimiminia kila wiki, sikuzigusa, kufuta neno la kheri kulinitia hofu.) Programu ikafunguka na kuomba ruhusa: anwani zangu, picha, jumbe, mahali nilipo. Nikabonyeza "Ruhusu" mara nne, kama mtu anayeitikia amin kwa dua asiyojua inaombwa nini.

Zikaingia elfu themanini. Ishirini zilikuwa zimekatwa njiani, na deni likabaki laki na thelathini, siku saba. Siku ya nane karafuu zangu zingali jamvini, mvua inanyesha, ujumbe ukamfikia mkwe wangu, imamu wa msikiti wetu, fundi aliyenizibia pancha mwaka 2019, na mtu niliyemhifadhi kwa jina la "Muuza Pweza Usipokee". Wote wakaarifiwa kuwa mie tapeli, na wao ndio wadhamini wangu. Muuza pweza alinipigia kunipa pole. Mkwe hajapiga mpaka leo.

Wewe uliwakama waliokuwa ndani ya ukuta wako, basi. Hawa wamenikama mie, kisha ndoo wakaipitisha nyumba kwa nyumba.

Halafu kuna kile kisima chako. Inasemwa ulikuwa na wake wawili wasiopikika chungu kimoja, ukakijengea kisima ukuta katikati: mmoja ateremke kwa ngazi, mwenziwe avute ndoo kwa kamba, na wasikutane. Simuni mwangu ukuta huo haumo. Tochi inachota majina ya watu. Mchezo wa kupasua maputo unachota mahali nilipolala. Tochi ya nini na majina? Usidhani ni maneno ya mdaiwa: Desemba 2013, huko Marekani, programu ya tochi iliyopakuliwa na mamilioni ilibanwa na Tume ya Biashara ya nchi hiyo kwa kuwapelekea watangazaji mahali watu walipo.

Kwetu sheria ipo. Ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022, ikaanza kazi Mei 2023, na inataka taarifa zichukuliwe kwa kusudi linalojulikana na zisizidi haja. Novemba 2024 Benki Kuu nayo ikatoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Nikaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, nikiitafuta yangu. Kumbe ilikwisha badili jina, na rangi pia. Ilikuwa ya kijani, sasa ya zambarau.

Nikaifuta. Kijana wa dukani ndiye aliyenieleza kuwa kilichofutika ni programu iliyomo simuni tu, majina walikwisha kuyachota siku ile ile ya kwanza. Akaniingiza kwenye mipangilio, tukaenda kwenye ruhusa za programu zilizobaki, tukaanza kuzima moja moja. Tochi ikaendelea kuwaka vilevile.

Kwa hiyo, Mtukufu, naomba uinuke uje unijengee ukuta mmoja tu, mfano wa ule wa kisimani. Mawe nitayabeba mwenyewe, na kwa makalio ukipenda, madhali hutaniuliza namba ya mkwe wangu.

Wako,
Mkamwa wa Pujini.

Nakala: anwani zote 214 zilizomo simuni mwangu, ambazo bila shaka zitaipata kabla yako.