Hela Ziko kwa Chong Li

Wapo waliosifu dhahabu, wapo waliosifu farasi, na wapo waliosifu macho ya wake za watu wakakiona cha moto. Mimi, kwa heshima na taadhima, naomba nafasi nimsifu mtu anayeulizwa swali kwenye kundi la WhatsApp akajibu kwa kutaja kipande cha sinema ambayo nusu ya waliomo walikuwa hawajazaliwa ilipotoka.

Ukoo wetu una kundi la watu 23. Lilifunguliwa kwa kazi moja tu, kuezeka upya nyumba ya bibi kule Muheza, ambayo inavuja kiasi kwamba hata kuku wamehamia kwa jirani. Kila mtu anatoa 20,000 kwa mwezi, na fedha zinaingia kwenye simu ya binamu yangu, tuliyempa uhazini kwa sababu siku ya kikao hakuwepo kukataa. Kuanzia Januari hadi Agosti, hata mtoto wa darasa la nne atakupigia hesabu: 3,680,000. Basi mwishoni mwa Agosti nikaandika, kwa adabu zangu zote: "Habari za jioni wanandugu. Binamu, mfuko wetu umefika wapi?"

Jibu likaja papo hapo, na hilo nalo tulisifu: "Umefika kwa Chong Li."

Basi. Kabla dakika haijaisha, emoji kumi na moja zilikuwa zimeshacheka. Nami nikaweka ya kwangu. Yangu ilikuwa na machozi.

Fadhila kuu ya majibu ya namna hii ni elimu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na nchi nzima ikahangaika kutafuta madarasa, chaki, vibatari na walimu wa jioni. Gharama zote hizo! Binamu yangu, kwa maneno manne, amemrudisha darasani mtu mwenye mvi. Hakunipa kitabu wala ratiba. Alinitia kiu ya kujua, halafu akaniacha nayo.

Mwanzoni nilidhani Chong Li ni muuza bati wa Kichina pale Tanga mjini, nikafurahi kwamba mambo yanakwenda. Nikampigia fundi wetu kumuuliza kama anamfahamu. Akasema Mchina anayemjua yeye anauza vigae. Nikamuuliza mpwa wangu aliyeko chuo, akasema, "Anko, hiyo ya wazee." Nikawauliza wazee, wakasema hayo mambo ya vijana. Mwisho akawa kinyozi. Alizima mashine ikiwa bado kichogoni kwangu, akazunguka mbele, akavuta shati likamkaa vizuri, akaanza kuchezesha misuli ya kifua mmoja mmoja, wa kushoto, wa kulia, wa kushoto. "Bloodsport, mzee! Van Damme!" Nikalipia nywele upande mmoja ukiwa bado, nikanunua bando, nikakaa chini kama mwanafunzi.

Ni sinema ya mwaka 1988, dakika zake 92. Jean-Claude Van Damme anakwenda Hong Kong kupigana kwenye mashindano ya siri, naye Chong Li, anayeigizwa na Bolo Yeung, ndiye jitu la mashindano hayo. Nilivumilia mateke yote. Nikaja kufika pambano la mwisho. Chong Li anaona anazidiwa. Anachomoa kidonge kwenye bukta, anakiponda, kisha anamrushia mwenzake ule unga machoni. Mwenzake haoni kitu, anapapasa hewa.

Nikasimamisha picha. Nikavua miwani nikaifuta.

Mfuko wetu umefika kwa mtu anayewamwagia wenzake unga machoni! Sijapata kusoma ripoti ya mhazini iliyo ya kweli kuliko hiyo. Wenzake huandika kurasa nane zenye jedwali na muhuri, na usipate ukweli hata wa kuonja. Na somo haliishii hapo, kwa sababu Van Damme anashinda hivyo hivyo haoni: mwalimu wake, mzee Tanaka, alikuwa amemfundisha kwa kumfunga kitambaa machoni, mpaka akaweza kuandaa chai bila kuona. Maana yake mchangaji yeyote wa mfuko wa ukoo naye ajizoeze kuhesabu fedha akiwa kafumbwa macho. Nimeshaanza na chai. Mpaka sasa nimeungua mara mbili.

Hapo ni pale unapobahatika kuipata sinema yenyewe. Binamu yangu, kama wengi wa rika letu, hakuziona sinema hizi kwa Kiingereza. Aliziona kibanda umiza, amebanwa kwenye benchi, sauti ya mtafsiri ikiwa imewafunika waigizaji wote. Hapa kwetu alikuwepo Lufufu, Kenya wana DJ Afro wao, na mtafsiri wa namna hiyo habanwi na alichosema mwigizaji. Anaongeza chumvi, anampa jambazi tabia za mjumbe wa nyumba kumi. Kwa hiyo binamu akinukuu, mara nyingi ananukuu maneno ambayo hayamo kwenye sinema yoyote duniani. Ukitafuta kwenye intaneti mpaka asubuhi, huyapati. Huo ndio usomi wa juu kabisa, ule ambao marejeo yake yaliungua pamoja na deki.

Fadhila nyingine nazitaja tu nikipita. Majibu haya huokoa vidole. Huwafanya wakwe waliomo kwenye kundi waamini kwamba sisi ni watu wa furaha. Humruhusu mwanamume wa miaka hamsini kuendelea kuwa na miaka kumi na mitano, bila dawa.

Mtu atasema hii ni mila yetu, Waswahili ni watu wa mafumbo. Nimeisikia hoja hiyo na nilitaka kuitia humu kama fadhila, lakini imenikwama kooni. Mwanamke wa Pwani akivaa kanga yenye kijembe akapita mbele ya mlango wa mke mwenzake, maneno yamechapwa pale chini kwa herufi kubwa, tena atarudi mara ya pili kama mlengwa hakuwahi kuyasoma. Fumbo lake lina anwani, na likifika linauma. Hili la binamu limetungwa lisifike. Ni barua iliyotiwa stempu ikatupwa chooni.

Nilijaribu kulipiza. Alipoleta tena jina la mtu nisiyemjua, nikamwandikia: "Sawa, Barker Haines." Mtakumbuka Isidingo ya Afrika Kusini tuliyokuwa tukiikimbilia ITV jioni, na yule tajiri fisadi aliyekuwa akitabasamu huku anammaliza mtu. Niliona nimepiga penyewe. Kundi likanyamaza siku nzima. Kesho yake mtoto wa dada yangu akauliza kama huyo Haines naye anachanga.

Na ugonjwa huu sasa umehamia maofisini. Juzi juzi nilituma mzigo kwa kampuni moja ya mabasi, dawa za bibi na shuka mbili. Siku ya tisa haujafika. Nikaandika kwenye ukurasa wao, nikaweka namba ya risiti. Wakanijibu kwa picha: mwanamume mwenye ndevu chafu, ufukweni, amekumbatia mpira uliochorwa uso. Chini yake, "Tunakujali mteja wetu." Watu 64 wakapenda. Kwa kuwa sasa mimi ni msomi, haikunichukua muda. Cast Away, mwaka 2000, Tom Hanks. Mfanyakazi wa kampuni ya vifurushi anapotea kisiwani miaka minne, akiokolewa anakwenda kumpelekea mteja kifurushi kimoja ambacho hakukifungua. Miaka minne! Wameniambia ukweli, na wamenichekesha, na dawa ni za presha. Bibi ana miaka 88. Nani aliwaambia nataka kuchekeshwa? Nilitaka mtu mmoja, mwenye kalamu na daftari, aseme mzigo uko Segera, au uko Korogwe, au umeibiwa. Hata "umeibiwa" ningeipokea. Ni jibu.

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Ninachotaka kusema ni kwamba kijana asiyedaiwa kitu, anayetaja sinema zake kijiweni na wenzake wanaozijua, sina ugomvi naye. Hiyo ni raha yao, kama sisi tulivyotajiana Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa jarida la Sani. Nawasema wanaodaiwa jibu. Halafu, kwa aibu, nazikumbuka zile emoji kumi na mbili, ya kwangu ikiwemo. Nimewapigia simu wanne kati ya waliocheka. Hakuna hata mmoja aliyejua Chong Li ni nani. Mmoja, mhasibu wa kuajiriwa kabisa, aliniambia alicheka kwa sababu wengine walikuwa wamecheka, na hakutaka aonekane wa shamba. Binamu hakuwa na haja ya unga. Macho tulifumba wenyewe.

Aliyetuvua nguo ni shangazi mkubwa, ambaye simu amenunuliwa Pasaka iliyopita na bado anaandika kwa kidole kimoja. Jumapili usiku akaandika: "Sijaelewa. Hela zimebaki ngapi."

Binamu akaandika, "Shikamoo shangazi 😊."

"Marahaba. Hela zimebaki ngapi."

Pale juu ikaonyesha anaandika. Ikazimika. Ikaonyesha tena anaandika. Hakuna aliyecheka. Shangazi akatuma picha: kitanda chake, na juu ya kitanda kanga ya zamani iliyopauka, ameikunjua vizuri ili upande wa maneno uonekane. *Mali bila daftari huisha bila habari.* Watu 23, wa umri wote, tukaelewa kwa mara moja.

Saa nne na nusu likaja jibu, picha ya ukurasa wa daftari iliyopigwa gizani. Bati, mbao, misumari, nauli ya fundi. Soda ya fundi, 60,000, kwa hiyo fundi wetu ana afya njema. Mstari wa mwisho: "Mengineyo, 1,115,000." Na chini ya picha, mwenzetu akashindwa kujizuia, akaweka stika ya mwanamume mnene mweusi amelala chali juu ya rundo la noti kubwa kama kitanda.

Mpwa wangu anasema hiyo inatoka kwenye sizoni ya Breaking Bad, kipindi cha 56 kati ya 62, lakini sitaielewa nikikimbilia hapo moja kwa moja. Nimefika cha nne.