Mabingwa wa Kitanda cha Mzee

Kwamba kila Mtanzania ni daktari, hilo nimeshalizoea. Ukikohoa kwenye daladala, abiria wa kiti cha mbele atakuandikia tangawizi na konda ataongeza ndimu. Nililokuwa silijui, mpaka Baba alipopata kiharusi na hospitali ikaturudishia pamoja na karatasi ya kwamba tutamuuguzia nyumbani, ni kuwa kila mtu pia ni bingwa wa vitanda.

Karatasi yenyewe ilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu vifaa: mgonjwa apatiwe kitanda maalumu na vifaa vya kumsaidia kutembea. Maalumu kivipi, mwandishi hakusema. Labda wino ulimwishia.

Nikalipeleka suala kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, ambalo kwa kawaida lina kazi mbili: kutakiana Ijumaa njema na kukumbushana michango ya harusi. Kabla ya magharibi tayari tulikuwa na kamati. Binamu yangu aliyeko Houston akatuma picha ya kitanda chenye rimoti, taa za buluu uvunguni na mtambo wa kusinga mgongo. Akaandika, "Mzee wetu anastahili hiki." Bei hakuandika, wala jina la mlipaji. Mjomba akajibu kwamba rimoti ni anasa, yeye ana fundi wake Keko anayeweza kuchonga kitanda hichohicho kwa mninga, tena akaweka na droo. Shangazi akatuma ujumbe wa sauti ulioanza kwa kuguna: "Kitanda cha hospitali ndani ya nyumba ya watu ni uchuro. Hivi mnamwita nani nyie?"

Baba mwenyewe hakuwamo kundini. Alikuwa chumba cha pili, kwenye kitanda chake cha futi tano kwa sita, akitusikia tunavyosomeana ujumbe. Ni mwalimu mstaafu. Kiharusi kilimnyang'anya mkono na mguu wa kushoto, kikamwachia ulimi mzito, lakini sarufi hakikuigusa. Shemeji alipotamka "kitanda ya umeme", sauti ilitoka kulekule ndani, polepole, neno kwa neno: "Cha. Cha umeme."

Basi nikaenda Kariakoo. Kwenye duka la vifaa tiba nikapokewa na kijana aliyevaa koti jeupe, ambaye kama angekuwa anauza matairi nadhani angevaa hilohilo. Hakuuliza mgonjwa ana nini. Hakuuliza ana urefu gani wala uzito gani. Aliuliza, "Bosi, mgonjwa wako ni wa fanksheni ngapi?"

Baba yangu? Kabla ya ugonjwa alikuwa na fanksheni nyingi: kufoka, kukagua kucha za wajukuu, kusahihisha magazeti kwa kalamu nyekundu. Kumbe yeye alikuwa anahesabu mikunjo. Fanksheni moja, kitanda kinainua kichwa tu. Mbili, kinainua kichwa na magoti. Tatu, kitanda kizima kinapanda na kushuka. Ukitaka hendo, unazungusha mwenyewe ukiwa umeinama miguuni. Ukitaka umeme, unabonyeza. Kitanda cha kukunjwa kwa namna hiyo wala si kitu kipya. Daktari mmoja wa upasuaji wa Marekani, Willis Gatch, alishakibuni mwanzoni mwa karne ya 20, na hendo bado ipo palepale miguuni, ikisubiri ugoko wa mtu apitaye gizani.

Kijana alinisukumia cha umeme. Nikamuuliza umeme ukikatika Mzee akiwa ameinuliwa itakuwaje. Akasema, "Atapumzika hivyohivyo, bosi." Yaani baba yangu akae wima usiku kucha kama mgeni rasmi, anasubiri mtaa urudishiwe umeme. Vipo vitanda vyenye betri ya akiba, na vipo vyenye hendo ya dharura. Chake hakikuwa na kimojawapo, lakini taa ya buluu ilikuwapo.

Akanigeukia na godoro la hewa, lile lenye pampu inayojaza vyumba hivi na kutoa hewa vile, kwa zamu, ili mwili usigandamizwe mahali pamoja. Godoro lenyewe ni zuri, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni maneno yake: "Ukiwa na hili, hamna haja ya kumgeuza mgonjwa." Hapo hata mimi niliyekuwa nimezoea kukubali nilisita, kwa sababu muuguzi wa wodini alitukaririsha mpaka tukaota: mgeuzeni, kila baada ya saa mbili hivi, mtazameni kwenye makalio, nyonga na visigino. Tena pampu inakula umeme uleule. Ukikatika, godoro la kawaida lisipokuwepo chini yake, hewa ikiisha mgonjwa analala juu ya chuma.

Wakati mimi nazungushwa Kariakoo, huku nyumbani vifaa vilikuwa vinawasili vyenyewe. Ndugu wa Kitanzania hatoi fedha, analeta kitu. Mjomba alileta mkongojo wa mpingo kutoka Mwenge, kichwa cha simba juu, mdomo wazi. Mzuri, usipime. Chini hauna mpira, na sebule yetu ina vigae vinavyong'aa, kwa hiyo simba yule angemfikisha Mzee sakafuni hatua ya pili. Urefu wake pia ulipimwa kwa macho ya mchongaji. Shangazi, pamoja na uchuro wake, alileta pete ya mpira ya kujazwa upepo ya kukalia. Na Baba Mdogo akaja na kiti mwendo.

Kile kiti kina hadithi yake. Kilitoka kwenye kontena la mitumba kutoka Ulaya, na mgongoni bado kilikuwa na kibandiko cha nyumba ya wazee ya huko, jina refu lenye nukta juu ya herufi. Kilitengenezwa kwa ajili ya mtu mkubwa. Baba ni mwembamba. Ukimkalisha humo, pembeni unaweza kuongeza mjukuu. Baba Mdogo hakuona tatizo. "Atanenepa," alisema. Baba akainamia kushoto, taratibu, kwa kuwa kulia na kushoto hapakuwa na kitu cha kumshika, na kabla ya chai kuletwa alikuwa amelala pembe. Sehemu ya miguu ilikuwa juu mno, magoti yakamkaribia kidevu. Tukapiga picha, tukaituma kundini, watu wakaweka mikono ya kuomba.

Tabia hii si ya Baba Mdogo peke yake. Mara ngapi tumeona kwenye habari viti mwendo vinagawiwa uwanjani, vyote saizi moja, mtoto wa miaka saba na mzee wa sabini wanapewa ndugu mapacha, wapiga picha wanapiga, wageni wanaondoka? Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo tangu 2008 kuhusu viti hivi kwa nchi zenye uwezo mdogo, likasema mtu apimwe, kiti kirekebishwe kimkae, na afundishwe kukitumia. Kupima mtu hakuna picha nzuri, nadhani ndiyo sababu. Na kile kiti kinachokunjika katikati kikaingia kwenye buti la gari kilitoka kwa mkaaji mwenyewe: Herbert Everest, mhandisi wa migodi wa Marekani aliyevunjika uti wa mgongo, ndiye aliyechoka na mizigo aliyokuwa anapewa, akakaa na rafiki yake mhandisi, Harry Jennings, miaka ya 1930, wakatengeneza chepesi. Hakungoja kontena.

Aliyetuokoa ni dada mmoja mtaalamu aliyesomea Moshi, pale TATCOT, chuo kilichopo KCMC tangu 1981, ambako wanafundisha kutengeneza viungo bandia na viti mwendo. Alikuja bila koti jeupe. Mkononi alikuwa na futikamba kama ya fundi cherehani, na kwanza akamwamkia Baba shikamoo, akavuta kigoda, akaanza kumuuliza yeye. Si sisi. Sisi kamati tulikuwa tumesimama ukutani kama watoto waliochelewa namba.

"Mwalimu, ukitaka kuamka unaanzia upande gani? Choo cha usiku unakwendaje? Ukikaa sana panauma wapi?" Baba akajibu yote, na katikati akamsahihisha mahali pamoja. Dada wa watu akamshukuru.

Akampima nyonga, akasema upana wa kiti uzidi hapo kidogo tu, vidole viwili visimame kila upande, basi. Akampima paja na mguu wa chini. Kile kiti cha Ulaya akakisogeza kando kwa adabu, kama mtu anayemwondoa mlevi msibani. Akatwaa simba wa Mjomba, akamsimamisha Baba akisaidiwa, mkono ukining'inia, akaonyesha kwamba kishikio kinatakiwa kifike penye kifundo cha mkono. Simba alizidi kwa zaidi ya shubiri. Akasema ukatwe, uvalishwe mpira, na ushikwe kwa mkono wa kulia, upande wenye nguvu. Mjomba alikuwa amemwelekeza Baba aushike kwa kushoto, "ili mkono uzoee".

Pete ya Shangazi ilipata hukumu fupi: inabana damu kuzunguka palepale mnapotaka ipite. Badala yake tuweke mto chini ya vigimbi, visigino vining'inie bila kugusa kitu. Kuhusu kitanda, akatueleza jambo ambalo kijana wa fanksheni hakulitaja. Ukimwinua mgonjwa kichwa bila kuinua magoti kidogo, anateleza kuelekea chini, ngozi inabaki juu na mifupa inashuka, na kidonda kinaanzia hapo. Kwa hiyo mikunjo miwili si anasa, ni kima cha chini.

Halafu akauliza swali lililoiua kamati. "Nani anamgeuza Mzee usiku?"

Kimya. Binamu wa Houston alikuwa kwenye simu ya video, na nadhani hata yeye mtandao wake ulikwama kwa makusudi. Anayemgeuza usiku ni dada yangu. Anayemnyanyua alfajiri kwenda kunawa ni dada yangu. Hajaandika neno kundini tangu suala lianze, maana ukiwa na mikono miwili yote chini ya makwapa ya mtu huwezi kuandika. Mtaalamu akamwita, akamsimamisha kando ya kitanda, akampima kiuno kutoka sakafuni. Kisha akapima goti la Baba. Kitanda, alisema, kipande mpaka kiunoni kwa huyu wakati wa kumwosha na kumgeuza, kishuke mpaka gotini kwa huyu wakati wa kuamka ili nyayo zikanyage chini. Ndiyo ile fanksheni ya tatu, ambayo kijana alinieleza kuwa ni ya kufagilia uvunguni.

Tukanunua cha hendo tatu. Vizuizi vya pembeni Baba aliviita selo. Tumekubaliana upande mmoja ubaki chini mchana.

Ikabaki nyumba, nayo haikutaka mazungumzo. Kiti mwendo kipya tulichonunua kwa vipimo vya mtaalamu, pamoja na magurudumu yake, kina upana wa sentimita 62. Mlango wa bafuni, ukiutoa fremu, una 60. Fundi akashauri tubadilishe kiti. Mtaalamu akasema hapana, geuzeni bawaba na fremu, au mlango utoke kabisa muweke pazia. Bafuni tukafunga bomba la kushikia, limeingia ukutani kwelikweli, kwa sababu kitundikio cha taulo kilichokuwapo kinabeba taulo tu. Kumbuka kwamba bomba hilo ndilo kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, na ndilo pekee ambalo hakuna aliyelitaja kwenye kundi.

Kisha ngazi za barazani. Zipo tatu, jumla sentimita 45. Kipimo cha mteremko wa kiti mwendo ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inadai kumi na mbili za kwenda mbele. Piga hesabu: mita 5 na sentimita 40. Kutoka barazani mpaka geti tuna mita nne. Ukiujenga ulionyooka, Baba anatoka getini, anavuka njia, anaegesha kwenye banda la chipsi. Fundi akapendekeza tuufanye "mkali kidogo, mnamsukuma kwa kasi". Nikamwomba akae kwanza yeye kwenye kiti tumjaribie. Akagundua ghafla kwamba unaweza kukata kona, ukafuata ukuta, ukawa na kituo katikati.

Mteremko ulipokauka, wa kwanza kuutumia alikuwa muuza maji na mkokoteni wake. Wa pili, wajukuu na baiskeli. Baba alikuwa wa tatu, akisukumwa na dada yangu, mkongojo wa simba aliyekatwa miguu mapajani, na akasimamisha msafara pale kituoni kusoma tangazo la mtaa lililobandikwa ukutani. Lilikuwa na makosa. Akadai kalamu.

Wageni siku hizi hawaji kumwona mgonjwa, wanakuja kuona kitanda. Shangazi alikuja Jumapili, akakizunguka, akazungusha hendo ya magoti, akaomba ajaribu kidogo tu, kwa ajili ya kiuno chake. Alilala mpaka saa kumi akikoroma, uchuro wote umemtoka, na Baba kwenye kiti chake akatukataza kumwamsha. Jana Mjomba naye ameandika kundini, kwa heshima zote, kuuliza Mzee akishapona kitanda kitakwenda kwa nani, maana hata yeye mgongo unamsumbua. Nikamsomea Baba kwa sauti. Alifikiri, akanyoosha kidole cha mkono mzima kwenye daftari la michango lililo juu ya meza, na akataka nimwandikie Mjomba hivi, nisibadilishe nukta: "Ahadi yako ya laki moja naisubiri. Kitanda tutakijadili ukiwa umeleta risiti."