Barua ya Wazi kwa Kurugenzi ya Utafiti: Tunaomba Wapagazi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUUNDIWA MSAFARA WA KUSAFIRISHA RASIMU ZA UTAFITI KUTOKA MLANGO HADI MLANGO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwanza pokea pole za majukumu, hasa ya vikao. Tunajua vikao ni vingi kwa sababu kila tukija tunaambiwa umeingia kwenye kimoja, na kwamba hicho hasa ndicho cha kuboresha utafiti wa wanafunzi.

Sisi ni wanafunzi wa mwaka wa tatu. Rasimu zetu zilitoka kwa msimamizi zikaenda kwa mratibu, kwa mratibu zikaenda kwa mkuu wa kitivo, masijala wakazigonga mhuri wa IMEPOKELEWA, na tangu siku hiyo hazijaonwa na mtu. Tukiuliza, tunajibiwa kwamba taarifa zote ziko kwenye mfumo, ila mfumo uko chini.

Hatulaumu, Mheshimiwa. Mizigo ya wasomi kulala Tabora si jambo geni. Mwaka 1871 Stanley alipofika Unyanyembe, aliukuta hapa mfuko wa barua za kwenda kwa Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Ilibidi aubebe yeye hadi Ujiji, ukamfikia mwenyewe baada ya kama mwaka mzima. Lakini zama hizo kulikuwa na vita, mtemi Mirambo amefunga njia, na hata Waarabu wa Kwihara walikuwa wanalala na bunduki. Kati ya ofisi ya mratibu na masijala pana korido moja, benchi la mbao na ndoo ya maji ya kunawa. Tunauliza kwa heshima zote: hapo njia imefungwa na nani?

Ndiyo maana tunaomba wapagazi.

Mji huu ulijengwa na watu waliojua kubeba. Mnyamwezi alitoka hapa na pembe ya ndovu begani, akavuka Ugogo, akaishusha Bagamoyo, akarudi na marobota ya vitambaa. Mwaka 1873 Chuma, Susi na wenzao, watumishi wa Livingstone, walipita papa hapa na maiti yake kutoka kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Cameron, msafiri Mwingereza waliyemkuta Tabora, akawashauri wamzike palepale wapumzike. Wakakataa. Februari 1874 waliufikisha mwili Bagamoyo, na shajara zake pia zikafika. Kabla mwaka haujaisha zilikwishachapwa London. Sura yangu ya tatu haijavuka korido.

Tumeufikiria msafara huu kwa makini, ili usije ukakwama kwenye kamati. Mbele atatangulia kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, kilemba chekundu kichwani na bendera ya chuo mkononi. Nyuma yake itafuata ngoma, kusudi maofisa wasikie kwa mbali kwamba rasimu inakuja, na wenye safari za ghafla za Dodoma wapate nafasi ya kuondoka kwa heshima. Kisha wapagazi watano, kila mmoja na sura yake, maana tumejifunza kutouweka mzigo wote kwenye bega moja. Sura ya nne apewe mwenye nguvu kuliko wote, kwa sababu ina majedwali. Dodoso zilizojazwa zifungwe kwenye mkeka na kulindwa usiku na mchana. Zile za wenzetu waliotutangulia tuliziona zikifungia karanga pale getini.

Hongo ya njiani, kama ile waliyotoza watemi wa Ugogo kwa vitambaa na shanga, tutaendelea kuilipa kwa utaratibu uliozoeleka: rimu ya karatasi kwa ajili ya printa ya ofisi, vocha ya kumkumbusha msimamizi, na soda ya yule anayejua funguo za kabati ziliko.

Msafara ukifika mlangoni, kirangozi ataweka bendera chini na kuuliza swali moja tu: "Umesoma?" Akijibiwa "niachie hapo mezani", hakuna kuacha. Mizigo itashushwa, moto utakokwa koridoni, watapika ugali na nsansa, na watalala hapohapo mpaka mwenye ofisi afungue ukurasa wa kwanza. Tunaahidi kufagia majivu.

Sasa niseme jambo moja nje ya utaratibu. Mwenzetu mmoja, mtoto wa mkulima wa tumbaku Kaliua, alikosa jina kwenye orodha ya wahitimu kwa sababu ripoti yake haikusainiwa. Alikuwa ameiwasilisha kwa wakati, na nakala yenye mhuri anayo. Kwao walishauza tumbaku, turubai limeshakodiwa, shangazi wameshapanda basi. Aliambiwa aandike barua ya kuomba kutafutiwa ripoti. Akaandika. Barua nayo ikapotea. Mnalala usingizi gani ninyi? Mtu anakesha na bumu lililokwisha, anakula mihogo ya kuchemsha wiki nzima ili alipie kuchapa, halafu kijana wa watu anarudi nyumbani kuwaeleza wazee kwamba amefelishwa na kabati!

Samahani. Narudi kwenye utaratibu.

Yapo pia maombi madogo madogo. Rasimu chache zinazorudi huwa na maoni, na maoni huwa ni "rekebisha pambizo". Tumezirekebisha mpaka maandishi yamebaki katikati kama mfereji. Sasa tunaomba mtu asome huo mfereji. Tunaomba pia kupunguziwa nakala tatu za jalada gumu zibaki mbili, kwa kuwa stoo imejaa na mchwa wa Tabora hawachagui mada. Na mada zenyewe jamani zisirithishwe kama mashamba: "Mambo yanayoathiri" hiki na kile katika Manispaa ya Tabora yameshaathiri vya kutosha.

Lakini jambo la wafuga nyuki sitalifupisha. Utafiti wangu nimeufanya Sikonge, kuhusu kwa nini mzee anayeangika mizinga ya magome porini, anayevuna asali inayosifiwa nchi nzima, bado anaiuza kwa ndoo kwa mlanguzi kabla hata haijachujwa. Wazee walinipokea, wakanionyesha mizinga, wakajibu dodoso ndefu isiyokuwa na aibu. Tulipomaliza mmoja akauliza, bila ukali: "Wale wa mwaka jana nao waliandika hivihivi. Yale majibu mlipeleka wapi?" Nikamwambia yako chuoni. Sikusema uongo, yako chuoni.

Mtu mmoja tu ameisoma ripoti yangu, Mheshimiwa, naye ni mama anayefanya usafi kwenye jengo lenu. Aliikuta juu ya friji lililokufa. Siku nilipokuja kuuliza kwa mara nyingine, aliegemeza fagio ukutani akaniambia amefika ukurasa wa arobaini, kisha akauliza: "Sasa huyo mlanguzi akitoka Sikonge, anakwenda kumuuzia nani? Mbona huko hukumfuata?" Hilo ndilo swali zuri kuliko yote niliyoulizwa tangu nijiunge na chuo hiki. Kama wapagazi hawatapatikana katika bajeti ya mwaka huu, tunaomba huyo mama awe msimamizi wetu, na alipwe posho ya kusimamia. Fagio anaweza kuachiwa mratibu.

Wako mtiifu, ambaye bado hajahitimu,

Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu
Tabora

Nakala: Msimamizi (apelekewe kikaoni)
Nakala: Masijala (msigonge mhuri, someni)
Nakala: Mzee wa Sikonge (ataipokea kwa mkono, nampelekea mwenyewe Jumamosi)